"Yamelipwa na nani?" Utatuzi wa maneno yanayogongana kwenye programu ya vyama vya korosho

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetengeneza, anayetafsiri au anayesimamia programu ya Kiswahili, na ameanza kuona watu wanakwaruzana na skrini. Haya nimeyaokota Mtwara, kwenye programu ya kupokelea mazao ya vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, yaani AMCOS: korosho kwanza, halafu ufuta na mbaazi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mazao hukusanywa ghalani kwa hati na kuuzwa mnadani, ulianza kutumika kwenye korosho huku kwetu msimu wa 2007/2008. Sisi tulipofika na programu yetu, maneno ya kazi hii yalikuwa na wenyewe zamani. Makarani, makatibu wa vyama, waendesha maghala na wakulima walishayazoea. Tulikosea tangu mwanzo kwa kudhani tunakwenda kuwapa maneno.

Kabla ya kutafuta dawa, pima kwanza. Karibu kila tatizo la istilahi nililokutana nalo liliangukia upande mmoja kati ya hizi mbili: ama neno moja limebeba mambo mawili, ama jambo moja limepewa maneno mawili. La pili linaudhi na linachelewesha. La kwanza linapoteza hela za watu. Timu nyingi huanza na la pili kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho, na la kwanza linabaki limejificha mpaka msimu unapokolea. Mimi naanza na la kwanza.

Dalili: mtu amesoma sawasawa, lakini amefanya kisichotakiwa

Ilikuwa Novemba, minada imeshika kasi. Bibi mmoja wa kijiji cha wilaya ya Tandahimba alipata ujumbe kwenye simu: "Malipo ya korosho zako kilo 214: YAMELIPWA." Akapanda bodaboda mpaka mjini, benki, akakuta akaunti haina kitu. Kesho yake akarudi, hakuna kitu. Siku ya tatu hakwenda benki tena, alikwenda ofisi ya chama akiwa ameshika simu mkononi, ujumbe umefunguliwa tayari.

"Shikamoo bibi," katibu akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa. Yamelipwa, yamelipwa na nani?"

Katibu alitupigia simu akarudia swali lilelile, nasi hatukuwa na jibu la haraka. Ilibidi tufungue hifadhidata. Kulikuwa na safu moja ya ndiyo au hapana, na ilikuwa inageuka kuwa ndiyo pale mnunuzi aliyeshinda mnada anapothibitishwa kuwa amelipa. Aliyeandika safu hiyo alikuwa sahihi kwa upande wake: mzigo umelipwa. Aliyetafsiri naye alikuwa sahihi. Lakini kati ya mnunuzi na akaunti ya bibi yule kuna chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi, kuna chama cha msingi chenyewe, kuna makato, kuna orodha ya malipo inayopelekwa benki. Bibi alikuwa ametumia nauli ya siku mbili kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Kiswahili kinaruhusu kumficha mtendaji kwa urahisi sana. Ile -w- ndogo inatosha: yamelipwa, imepokelewa, imeidhinishwa. Katika maongezi hakuna shida, maana unayeongea naye atauliza. Skrini haiulizwi.

Namna ya kuchunguza: toa ujumbe wote wa programu kwenye faili moja, kisha chuja kila kitenzi cha kutendwa. Kwa kila kimoja uliza "na nani?" Waulize watu wawili tofauti, mmoja wa ofisini na mmoja wa ghalani, kila mtu peke yake. Majibu yakitofautiana, umeshalipata neno linalobeba mambo mawili. Kwetu "imepokelewa" nayo ilinaswa hapo hapo: karani wa AMCOS alimaanisha mzigo umefika kwenye mzani wake, mwendesha ghala alimaanisha umeshuka kwenye lori na kuingia ghala kuu.

Marekebisho yake hayakuishia kwenye maneno. Tuliondoa "yamelipwa" kabisa tukaweka hatua nne, kila moja na tarehe yake: "Mnunuzi amelipa", "Fedha ziko chama kikuu", "Fedha ziko AMCOS", "Fedha zimeingia akaunti yako". Ile safu moja ya hifadhidata ikagawanywa kuwa nne. Kama tungebadilisha neno la kwenye skrini tu, tungekuwa tumepaka chokaa ukuta wenye ufa. Na ujumbe kwenye simu ya mkulima sasa unatumwa katika hatua ya mwisho peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo inayompandisha bodaboda.

Dalili: ripoti mbili za kitu kimoja zina jumla mbili

Hapa wataalamu wa programu hukimbilia kutafuta kosa kwenye hesabu. Katafuteni, lakini msikae humo siku tatu kama tulivyokaa sisi. Hesabu zilikuwa sahihi. Neno ndilo lililokuwa linahesabu vitu viwili.

Mfano wetu mkubwa ni "stakabadhi". Mkulima akifikisha korosho AMCOS zinapimwa, anaandikiwa karatasi yenye jina lake, kilo na daraja. Hiyo anaiita stakabadhi. Chama kikishakusanya mzigo wa kutosha kinaupeleka ghala kuu, na huko mwendesha ghala anapima upya na kutoa stakabadhi ya ghala, ile inayotajwa kwenye Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005. Hiyo nayo wanaiita stakabadhi. Programu ilikuwa na ripoti iitwayo "Stakabadhi zilizotolewa". Chama kikiifungua kinaona mamia, ghala likiifungua linaona tisa, na kila upande unaamini mwenzake ameficha kitu. Katika biashara ya korosho tuhuma ya namna hiyo si jambo dogo. Watu wamewahi kukosana vibaya kwa sababu ya magunia yasiyoonekana kwenye karatasi.

Tuliweka kanuni ngumu: neno "stakabadhi" halisimami peke yake kwenye skrini yoyote. Ni "stakabadhi ya mkulima" au "stakabadhi ya ghala", basi. "Risiti" tukaiachia fedha tu, mtu anapolipa ada au kiingilio. Kuna mwenzetu aliona vitufe vinakuwa virefu mno kwenye simu ndogo. Ni kweli, vinakuwa virefu. Tulipunguza ukubwa wa herufi, maneno tukayaacha.

"Uzito" ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulikuwa na sura tatu. Kaa karibu na karani uangalie. Gunia linapandishwa kwenye mzani, namba inacheza kidogo halafu inatulia, karani anaisoma kwa sauti, anaiandika, halafu anaondoa uzito wa gunia tupu. Gunia la katani lina uzito wake, na mkulima anayesimama pale anajua hivyo, anafuatilia hiyo kutoa kwa macho. Baadaye mzigo unapimwa tena ghala kuu, na korosho zikikaa zinakauka, kilo zinapungua. Kwa hiyo kuna kilo alizosoma karani, kuna kilo baada ya kutoa gunia, na kuna kilo za ghala. Programu yetu iliziita zote "uzito". Sasa tuna "uzito na gunia", "uzito bila gunia" na "uzito wa ghala". Mtafsiri mmoja alipendekeza "uzito ghafi" na "uzito halisi", na kwenye kamusi hakuna ubaya wowote. Lakini "ghafi" huku ni sifa ya korosho yenyewe, korosho ghafi, ile isiyobanguliwa. Ukiandika "uzito ghafi" karani anasoma uzito wa korosho ghafi, na umetengeneza neno lingine lenye mambo mawili wakati unajaribu kuliondoa la kwanza.

"Mwaka" nao una watoto watatu. Kuna mwaka wa kalenda. Kuna mwaka wa fedha wa Serikali, unaoanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Na kuna msimu wa korosho, ambao kwa watu wa huku ndio mwaka wenyewe, minada ikifunguliwa kwa kawaida Oktoba na kuvuka Januari. Ukiweka kichujio kilichoandikwa "Mwaka: 2024" utampa kila mtu jumla yake. Andika "Msimu 2024/2025" kwenye ripoti za mazao, na "Mwaka wa fedha" kwenye ripoti za mhasibu. Ufuta una kalenda yake, unauzwa katikati ya mwaka, kwa hiyo msimu lazima ufungamanishwe na zao. Ukiufungamanisha na tarehe peke yake, ripoti ya ufuta itakatwa vipande.

Lugha ya mtaani inabeba mambo mawili kwenye neno moja bila kutetereka. Mtu akisema "kangomba", msikilizaji anajua papo hapo kama anataja kile chombo cha kupimia au ile biashara iliyopigwa marufuku ya kununua korosho kwa mlango wa nyuma. Anajua kwa sababu anaona uso, anajua wanaongelea nini, anajua anayeongea ni nani. Programu inabidi iandike yote hayo kwa herufi.

Njia ninayoiamini kuliko zote ya kuyapata maneno haya mapema ni kufuata gunia moja. Chagua gunia, anza nalo nyumbani kwa mkulima, nenda nalo kwenye mzani wa chama, panda lori nalo mpaka ghala kuu. Kila linapobadili mikono, andika neno alilolitumia aliyelipokea, kama alivyolitamka, bila kumsahihisha. Usimuulize "mnaiitaje hii?" kwa sababu atakupa jibu la mgeni. Sikiliza anavyomwambia mwenzake. Siku moja ya kazi hiyo ilitupa mengi kuliko vikao vyote tulivyofanya mjini.

Dalili: kitufe kimoja kina majina matatu

"Hifadhi" ukurasa huu, "Tunza" ukurasa ule, "Weka" kwenye simu. Chanzo ni watafsiri watatu wa nyakati tatu ambao hakuna aliyeona kazi ya mwenzake. Panga faili la tafsiri kwa neno la asili la Kiingereza, utaona tofauti zimekaa foleni, chagua moja, rekebisha. Ni kazi ya saa moja.

Angalia tu usiunganishe vitu ambavyo kweli ni tofauti. "Futa", "Ghairi" na "Ondoa" vinafanana kwa mbali. Kwetu "futa" ni taarifa inatoweka kabisa, "ghairi" ni kuacha ulichokuwa unataka kufanya na kila kitu kubaki kilivyokuwa, "ondoa" ni kumtoa mkulima kwenye orodha ya safari hii huku rekodi yake ikibaki. Karani anayebonyeza kimoja akidhani ni kingine anapoteza kazi ya asubuhi nzima.

Dalili: baada ya kubadilisha neno, skrini nyingine zimeharibika

Tulipoona hatari ya "futa" tuliamua vitufe kadhaa visomeke "ondoa". Mtu mmoja wa timu, akiwa na nia njema na usiku umekwenda, alitafuta "futa" kwenye faili zima na kubadilisha kwa mkupuo. Asubuhi kitufe cha Tafuta kilikuwa kinasomeka "Taondoa". Kwenye menyu ya mazao, ufuta ulikuwa umegeuka "Uondoa". Mauzo ya uondoa, bei ya uondoa, daraja la uondoa.

Wengine watakuambia tumia mpaka wa neno, programu itafute "futa" iliyosimama peke yake. Kwa Kiingereza hiyo inasaidia sana. Kwa Kiswahili utaokoa "ufuta", "mafuta" na "tafuta", lakini utaacha "kufuta", "usifute", "imefutwa", "zilizofutwa" na "atakayefuta", maana kitenzi chetu kinavaa viambishi mbele na nyuma, na mzizi unakaa katikati. Matokeo yake kitufe kinasema "Ondoa" na ujumbe unaofuata unasema "Imefutwa", na karani anashtuka.

Hakuna njia ya mkato hapa. Tafuta mzizi "fut", toa orodha ya kila ujumbe wenye herufi hizo, pitia mmoja mmoja kwa macho, weka alama yale ya kubadilisha. Kwetu ilikuwa orodha ya kurasa tatu. Mtu anayekijua Kiswahili anaimaliza kabla chai haijapoa, na hakuna mashine itakayompita. Kabla ya kubadilisha, hifadhi nakala. Baada ya kubadilisha, fungua skrini zenyewe. Usiishie kwenye faili.

Dalili: sentensi zinachechemea

"Gunia imehifadhiwa." "Mkulima imehifadhiwa." "Maghala 3 imefunguliwa." Mtumiaji haelewi vibaya, lakini anasikia kwamba aliyetengeneza kitu hiki hakijui Kiswahili, na akishasikia hivyo anaanza kuitilia shaka hata hesabu. Nimemsikia mzee mmoja wa bodi ya chama akisema wazi: kama hawawezi kusema gunia limehifadhiwa, kilo zangu watazijumlisha vipi? Ana haki.

Chanzo ni mtaalamu wa programu aliyeandika ujumbe mmoja wenye nafasi wazi: jina la kitu, kisha "imehifadhiwa". Kwenye msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, inamwokolea mistari. Kwetu kila jina lina ngeli yake, na kitenzi lazima kikubaliane nayo: gunia limehifadhiwa, stakabadhi imehifadhiwa, mkulima amehifadhiwa. Hili la mwisho ni sahihi kisarufi na bado ni la ajabu, mkulima hahifadhiwi kama samaki, anasajiliwa. Kwa hiyo hata kitenzi chenyewe kinabadilika kulingana na kitu.

Dawa ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu. "Gunia limehifadhiwa." "Stakabadhi ya mkulima imehifadhiwa." "Mkulima amesajiliwa." Mistari inaongezeka, sawa. Kwa wingi, gettext, zana ya kutafsiria programu, inakubali sura mbili kwa Kiswahili, ya umoja na ya wingi, kwa hiyo "Stakabadhi 1 imepokelewa ghalani" na "Stakabadhi 3 zimepokelewa ghalani" zote zinawezekana ikiwa aliyeandika msimbo ametumia njia ya wingi tangu mwanzo. Kama hakuitumia, mtafsiri hana la kufanya, na ni lazima amrudishie kazi mwenzake badala ya kubandika mabano.

Kuna ugumu wa maneno ya mkopo. "Faili" wengine wanasema faili hili, wengine faili hii. Kamusi ya mradi ichague ngeli moja na kuiandika. Sisi tulichagua li/ya kwa faili, i/zi kwa akaunti, programu na loti. Mtu akiuliza kwa nini, jibu ni kwamba tuliwasikiliza watu wakiongea, na palipokuwa na mvutano tulipiga kura mara moja.

Dalili: orodha ya istilahi ipo, hakuna anayeifuata

Nenda ukaitafute hiyo orodha iko wapi. Kama iko kwenye barua pepe ya mtu, au kwenye jedwali lililotumwa mwaka juzi, umeshapata chanzo. Mtu anayetafsiri saa tano usiku hatafungua barua pepe ya zamani.

Orodha ikae mahali pamoja na msimbo, kwenye hazina ileile ya faili za programu, ibadilike kwa utaratibu uleule wa mapitio. Ukitumia Weblate au chombo kingine cha kutafsiria, ingiza orodha kwenye kamusi yake, na maneno yaliyokubaliwa yatajitokeza pembeni wakati mtu anatafsiri. Na kila neno liwe na maelezo ya kumtosha mtu aliyejiunga leo. Letu moja liko hivi:

Neno: stakabadhi ya ghala
Ngeli na wingi: i/zi, stakabadhi za ghala
Maana: hati anayoitoa mwendesha ghala baada ya kupokea na kupima mzigo wa chama
Lisichanganywe na: stakabadhi ya mkulima, risiti
Jina kwenye hifadhidata: warehouse_receipt
Yaliyokataliwa: hati ya ghala, risiti ya ghala
Sababu: ndilo jina lililo kwenye sheria, na ndilo makarani wanalolitumia

Ule mstari wa yaliyokataliwa ndio unaosahaulika, na ndio unaozuia mjadala kuanza upya kila anapokuja mtu mpya. Mstari wa hifadhidata nao una kazi yake. Tulikuwa na jedwali moja lenye jina la Kiingereza la risiti, jingine lenye kifupi ambacho aliyekiweka ameshaondoka, na skrini ya Kiswahili juu yake. Watu watatu wakiongea simu kuhusu kosa moja walikuwa wanataja vitu vitatu. Kuoanisha jina la ndani na jina la nje kumepunguza simu hizo zaidi ya jambo lingine lolote tulilofanya.

Hata sisi kwa sisi tulilazimika kuchagua. Vijana wengi wanaita msimbo "kodi". Kwenye mradi ambao nusu ya skrini zinahusu makato na kodi yenyewe, "kodi ina kosa" ilishawahi kumpeleka mhasibu kukagua vitabu. Tangu hapo tunasema msimbo.

Dalili: kikao cha maneno hakiishi

Nywila, nenosiri au neno la siri? Tarakilishi au kompyuta? Nimekaa kwenye vikao vya namna hii mpaka jua likazama upande wa Mikindani. Chanzo huwa kimoja: kila mtu anatetea neno analolipenda, hakuna aliyeleta ushahidi, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kufunga mjadala.

Tulitoka hapo kwa kwenda Newala na simu mbili. Tuliwaomba wanachama, mmoja mmoja, watuambie wangefanya nini wakiona "Weka nywila". Wengi walinyamaza, mmoja akauliza kama ni waya. Tulipoonyesha "Weka namba ya siri", vidole vilikwenda kwenye tarakimu bila kusita, kwa sababu ndivyo wanavyoambiwa kila siku wanapotuma hela kwa simu. Programu yetu inatumia tarakimu tu kwa mkulima, kwa hiyo tukachukua "namba ya siri". Kwa karani, ambaye anaweka herufi na tarakimu, tukachukua "neno la siri". "Nywila" ni neno zuri na lina nafasi yake vitabuni. Kwa bibi wa Tandahimba halimfungulii mlango.

Ili msirudi kwenye kikao kwa kila neno, wekeni ngazi. Kwetu neno lililo kwenye sheria au kanuni haliguswi. Chini yake linafuata neno linalosikika kwenye mzani na ghalani, mradi halibebi mambo mawili. Likikosekana, tunatazama kamusi sanifu na kazi za BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 kwa ajili hiyohiyo. Halafu tunatazama programu ambazo watu wameshazizoea kwenye simu zao. Kubuni neno jipya kunakuja mwisho kabisa. Kwa maneno ya kompyuta ya jumla, njia imeshalimwa: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na tangu hapo programu nyingi zimetafsiriwa. Si lazima kila timu ianze na shamba la msitu.

Na awepo mtu mmoja wa kusema "tumefunga". Kwetu ni katibu mstaafu wa chama. Hajui msimbo hata mstari mmoja, lakini kila neno analisoma kwa sauti na kusema kama angeliandika kwenye karatasi ya mkulima. Akisema hapana, tunarudi kutafuta.

Dalili: Kiingereza kinachungulia katikati ya Kiswahili

Mara nyingi neno la asili limeguswa kidogo, labda herufi moja imeongezwa, na tafsiri imewekewa alama ya kutokuwa na uhakika. gettext haitumii tafsiri zenye alama hiyo inapotengeneza faili la mwisho, kwa hiyo Kiingereza kinarudi. Zipitie, zithibitishe, toa alama. Ukiona neno moja la asili linahitaji tafsiri mbili, kwa mfano "fungua" ya kutenda na "wazi" ya hali ya mnada, mwombe mwandishi wa msimbo aweke muktadha kwenye sehemu ya msgctxt, la sivyo zitaendelea kugongana kila mnapotoa toleo jipya.

Dalili: mmerekebisha neno, na simu zimezidi

Angalia kalenda. Tulibadilisha "uzito" kuwa majina matatu katikati ya Novemba, tukiwa na haki kabisa, na makarani wakasimamisha upimaji kwa nusu siku wakitafuta safu waliyoizoea. Foleni ya magunia ilifika barabarani. Baadhi ya wakulima walikuwa wametoka vijijini alfajiri na trekta la kukodi linalodai saa zake.

Tangu siku ile tuna kanuni moja ya tarehe. Kosa linaloweza kumpotezea mtu hela, kama lile la "yamelipwa", tunalirekebisha siku hiyohiyo hata kama ni usiku, na tunampigia kila katibu kumweleza kabla halijaonekana. Maneno mengine yote yanaandikwa kwenye orodha ya kungoja, na orodha inafunguliwa baada ya mnada wa mwisho, magunia yakiwa yameondoka na karani ana muda wa kukaa kwenye kiti na kusoma.